Jaén, Wakati wa Kupogoa

Treni ya kutoka Madrid kwenda Jaén hupita katika korongo la Despeñaperros, njia ya kale ya kuingilia Andalusia kutoka kaskazini. Kabla ya korongo ni tambarare za La Mancha, nchi ya mizabibu na ngano. Ukishalivuka, haipiti muda dirisha linajaa mizeituni. Iko mabondeni, iko vilimani, iko nyuma ya vituo vya mafuta na kando ya kuta za makaburi, imepanda hadi miteremko ambayo trekta haithubutu kuigusa. Mkoa wa Jaén una mizeituni zaidi ya milioni 60, na katika mwaka mzuri mkoa huu mmoja hukamua mafuta mengi kuliko Italia nzima. Mimi nimezaliwa Uchagga, ambako kihamba cha ekari moja kina migomba, kahawa, magimbi, maharage na miti ya kivuli juu ya vyote hivyo. Kuona zao moja likienda mpaka upeo wa macho kulinipa mshangao, na baadaye wasiwasi. Mvua ikikosa, hapa hakuna mgomba wa kukimbilia.

Msomaji asidanganywe na jina la kituo cha Linares-Baeza. Kiko mbali na mji wa Baeza, na bila mtu wa kukupokea utakaa hapo ukihesabu mabehewa. Mimi nilipokewa na kijana wa Mombasa anayesomea kilimo cha mizeituni katika Chuo Kikuu cha Jaén, mtoto wa rafiki wa rafiki, ndivyo safari zetu zinavyokwenda. Yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wangu siku zote nilizokaa.

Baeza ni mji mdogo wa mawe ya rangi ya asali, zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari. Pamoja na jirani yake Úbeda uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2003. Mshairi Antonio Machado alifundisha Kifaransa hapa kuanzia 1912 hadi 1919, na wenyeji hawachoki kukuonyesha darasa lake. Watalii huja kwa ajili ya majumba na makanisa. Niliyapita haraka, nikaenda ukingoni mwa mji, mahali ambapo ukuta unakwisha na bonde la Guadalquivir linafunguka chini yako, na ng'ambo yake milima ya Sierra Mágina. Ilikuwa Februari. Nyuzi za moshi zilikuwa zikipanda hapa na pale bondeni, na sauti za misumeno ya injini zilisikika kutoka pande zote, nyingine karibu, nyingine mbali sana. Mavuno yalikuwa yamekwisha. Kazi iliyobaki ndiyo niliyoifuata.

Fundi tuliyemtembelea ana umri wa kupata pensheni na anaipata, lakini hakuna aliyeweza kumzuia asiende shambani. Kijana alimwita *maestro*, nami nikamwita hivyo hivyo. Alitukaribisha kwa kifungua kinywa cha huko, mkate wa kuchoma uliomwagiwa mafuta ya zeituni bila huruma na kupakwa nyanya iliyokunwa. Kisha tukaingia kwenye gari lake lililojaa kamba, shoka, galoni za petroli na mbwa mmoja.

Mizeituni ya asili ya Jaén haina umbo la mti ambao mtoto angechora. Kutoka kwenye kitako kimoja kinene hutoka mashina mawili, matatu, wakati mwingine manne, yakiegemea nje kila moja kwa upande wake, na katikati kunabaki uwazi. Kati ya mti na mti kuna mita kumi au kumi na mbili za udongo mtupu. Karibu yote ni ya aina moja, *picual*, yenye mafuta makali kidogo, machungu kidogo, yasiyoharibika upesi. Sifa nyingine ya *picual*, ambayo mnunuzi wa chupa dukani hana haja ya kuijua, ni kwamba huchipua kwa nguvu ukiikata. Upogoaji wa Jaén umejengwa juu ya sifa hiyo.

Nilitarajia fundi ateremke na kuanza kukata. Hakufanya hivyo. Aliuzunguka mti wa kwanza taratibu, mikono mgongoni, akauzunguka tena kwa upande wa pili.

"Mzee, asema usimame huku, jua likiwa mbele yako na mti katikati," kijana akanitafsiria.

"Kwa nini?"

"Ataka uone mwanga wapita wapi na wakwama wapi."

Nikasimama hapo, na kweli upande mmoja wa mti niliona vipande vya anga kati ya majani, upande wa pili giza. Kwenye giza, matawi madogo ya ndani yalikuwa yamekauka au yamebaki na majani machache mepesi kwenye ncha. Jani la mzeituni huishi miaka miwili au mitatu hivi, lakini likikosa mwanga huanguka mapema, na tawi lililopoteza majani halitoi ua. Mti unaendelea kulilisha tawi hilo kwa muda bila kupata kitu. Fundi alilishika, akalivunja kwa vidole, likalia kama kiberiti.

Kisha akashika tawi jingine la upande wa mwanga, jembamba, refu kiasi cha mkono, linaloinama kidogo. Huyu ndiye mzazi, akasema. Zeituni huzaliwa kwenye sehemu ya tawi iliyoota mwaka uliopita, katika makwapa ya majani, wala haizaliwi tena mahali ilipokwisha kuzaliwa. Kwa hiyo kila mwaka matunda husogea mbele kuelekea ncha, na nyuma yake kunabaki mti mtupu. Ukiuacha mzeituni miaka ishirini bila kuugusa, utakuwa na mti mkubwa wenye ngozi nyembamba ya majani juu, matunda yako huko juu ambako fimbo haifiki, na ndani ni kuni.

Hapo nilijisikia nyumbani. Kahawa yetu ya arabika nayo huzaa kwenye tawi la mwaka jana, na kila aliyelelewa kihambani anajua kwamba mkulima akishika mkasi kwa hasira anakata mavuno yake mwenyewe. Nilimweleza fundi jinsi tunavyoondoa maotea ya kahawa na jinsi shina likizeeka tunavyoacha otea moja lenye afya lishike nafasi yake. Alisikiliza hadi mwisho wa tafsiri, akatikisa kichwa kukubali, akasema watu wa kahawa ni watu wenye akili. Nimezipeleka salamu hizo Moshi.

Msumeno uliwashwa baada ya hapo, na kazi ilienda kasi kuliko nilivyodhani. Fundi alikata vitu vya namna tatu, na hakuvikata kwa mpangilio ninaouandika. Kulikuwa na machipukizi manene yaliyosimama wima katikati ya mti, yenye majani mapana na rangi ya kujivuna; haya hunyonya nguvu nyingi na hayazai kwa miaka kadhaa, hivyo mengi yaliondoka. Lakini si yote. Pale ambapo gome la shina lingebaki wazi, aliacha chipukizi moja au mawili yafanye kivuli, kwa sababu jua la Julai la Andalusia huliunguza gome lililozoea kivuli, likapasuka, na upande ule wa shina ukafa. Nimewahi kuona miti ya mapambo mijini kwetu iliyonyolewa mpaka ikabaki nguzo. Katika mzeituni, kunyoa namna hiyo ni kuuchoma mti kwa jua.

Kulikuwa na matawi yaliyochoka, yanayoning'inia yakikaribia udongo, yenye mbao nyingi na majani machache. Hayo aliyafupisha mpaka kwenye tawi changa linalotazama nje. Na kulikuwa na tukio moja kubwa ambalo sitalisahau: katika mti wenye mashina matatu, shina moja lilikuwa limezeeka, limejaa mashimo na vifundo. Miaka kadhaa nyuma fundi alikuwa ameliacha otea kwenye kitako, chini ya shina hilo. Sasa otea lilikuwa na unene wa paja na limeanza kuzaa. Alilizunguka shina zee, akalikata karibu na kitako, likaanguka kwa sauti nzito, mbwa akabweka. Mti ukabaki na mashina matatu kama awali, moja likiwa jipya.

Hivyo ndivyo Jaén inavyohesabu umri. Chini ardhini kitako kinaweza kuwa cha babu wa babu. Mashina juu yake ni ya miongo michache. Matawi yanayozaa ni ya mwaka jana. Mzeituni una macho mengi yaliyolala katika kitako chake, na ukiukata au ukiungua au ukigandishwa na baridi, macho hayo huamka. Februari 1956 baridi kali iliua mizeituni kwa mamilioni huko Provence, Ufaransa. Mingi iliyokatwa usawa wa ardhi ilichipua upya, na ndiyo maana ukienda huko leo utaona mashina membamba yakisimama kwa duara kuzunguka mahali palipokuwa na shina moja nene.

Kinachomsumbua mkulima wa mzeituni kila anaposhika msumeno ni hesabu ya mwaka ujao. Mti huu una tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka wa pili. Mbegu zinazokua ndani ya matunda mengi hutoa homoni zinazozuia macho ya mwaka unaofuata kuwa maua, na mti uliobebeshwa mzigo haubakiwi na nguvu ya kurefusha matawi mapya. Sasa jiulize: mti umetoka kwenye mavuno makubwa, matawi mapya ni machache na mafupi. Ukiukata sana, umeondoa hata hayo machache. Mti mwingine umepumzika, umejaa matawi marefu yaliyo tayari kuchanua yote kwa pamoja. Huu ndio wa kukatwa zaidi, ili mzigo upungue kidogo na nguvu ibaki ya mwaka wa baadaye. Katika maua ya mzeituni, ni asilimia moja au mbili tu yanayofika kuwa tunda, kwa hiyo mti hauna shida ya maua. Shida yake ni majani ya kulisha matunda yatakayobaki. Wengi hapa hupogoa kila baada ya miaka miwili. Wapo wanaopogoa kila mwaka kidogo kidogo. Nusu ya shamba mwaka huu, nusu mwaka ujao, ni desturi ya kawaida.

Na hapo ndipo mabishano yanapoanza. Kila kijiji cha Jaén kina watu wanaoamini kwamba kijiji cha jirani hakijui kupogoa. Kuna methali ya wakulima, inasikika Hispania na Italia, ambamo mzeituni unamwambia mwenye shamba kwamba akiufanya maskini utamfanya tajiri. Wazee waliisikia wakashika shoka. Miti ilikatwa mpaka ndege akapita katikati bila kukunja mbawa, na sababu nyingine haikuwa ya kitaalamu hata kidogo: kuni za mzeituni huwaka polepole na kwa joto kali, na katika nyumba zisizo na gesi kuni hizo zilikuwa mali.

Watafiti wa Andalusia, miongoni mwao José Humanes na Miguel Pastor, walioandika pamoja kitabu kinachosomwa na kila mwanafunzi wa upogoaji huko, walikuja na hoja inayowakera wenye shoka: mti wenye majani mengi kulinganisha na mbao ndio unaotoa mafuta, na kukata kupita kiasi kunapunguza mavuno kwa miaka kadhaa. Kwa kweli hata Columella, mwandishi wa kilimo wa karne ya kwanza aliyezaliwa Cádiz, hakuwa mtu wa pupa. Aliona inatosha mzeituni kupogolewa kila mwaka wa nane. Nilipomuuliza fundi kuhusu hili alicheka. Alisema baba yake alikuwa mkataji mkali, yeye alianza hivyo hivyo, na kadiri miaka inavyokwenda anakata kidogo. Halafu akaongeza kwamba huenda ni mgongo wake tu unaomwambia hivyo.

Mimi nimetoka huko nikiamini watafiti. Nilitembea katika mashamba mawili yanayopakana, moja limekatwa kwa ukali, la pili kwa upole, na sikuhitaji mtu anieleze lipi lilionekana kuwa na afya.

Kwa upande wa magonjwa, msumeno huponya na msumeno huo huo huambukiza. Mti wenye msongamano wa majani hubaki na unyevu wa asubuhi muda mrefu, na unyevu huo ndio unaotafutwa na kuvu wanaosababisha *repilo*, ugonjwa wa madoa ya duara kwenye majani, ambao *picual* haiwezi kuuhimili vizuri. Wadudu gamba weusi nao hupenda giza la ndani. Wakishakaa, uchafu wao mtamu huota ukungu mweusi na majani yanaonekana kama yamepakwa masizi. Kupitisha hewa na mwanga kunapunguza yote hayo kabla hujanunua dawa.

Lakini kila kidonda ni mlango. Kuna bakteria wanaoingia kwenye majeraha na kufanya vinundu vigumu vya ukubwa wa kunde hadi ndimu kwenye matawi, na huhamia mti hadi mti kwa maji ya mvua na kwa makali ya mkasi. Kwa sababu hiyo siku ya mvua hakuna anayepogoa, na mti wenye vinundu huachwa mwisho. Fundi alikuwa na chupa ya maji yenye jiki garini. Alipomaliza mti mmoja uliomtia shaka alichovya mkasi na kuusafisha mnyororo wa msumeno kabla ya kwenda mwingine. Kijana alininong'oneza kwamba si wote wanaofanya hivyo. Kuna pia kuvu wa udongoni, *Verticillium*, anayeziba mishipa ya maji ya mti, tawi moja likakauka ghafla na majani yakabaki yameshikilia. Huyo hatibiki kwa kupogoa, na mara nyingi hukutwa kwenye mashamba yaliyowahi kulimwa pamba. Ugonjwa wa *Xylella*, uliogunduliwa Puglia kusini mwa Italia mwaka 2013 na kukausha mizeituni kwa mamilioni, wanautaja kwa sauti ya chini.

Matawi yaliyokatwa nayo yana sheria yake. Yakiachwa shambani hadi majira ya kuchipua, mdudu mdogo mweusi anayeitwa *barrenillo* huyatoboa, hutaga mayai chini ya gome, na kizazi kipya kikitoka huhamia kwenye miti mizima na kula matawi yanayozaa. Kuni lazima ziondolewe mapema au zifungiwe ndani. Desturi ya zamani ni kuchoma matawi membamba palepale, na huo ndio moshi niliouona bondeni. Majani walipewa mbuzi. Sasa wengi hupitisha mashine inayosaga matawi na kuyatandaza kati ya mistari. Hilo nililipenda kuliko jambo lolote la kisasa nililoonyeshwa. Udongo wa Jaén, ukilimwa na kuachwa mtupu kwenye mteremko, hubebwa na mvua moja ya radi, na baadhi ya makorongo niliyoyaona yangemeza gari. Matandazo ya matawi huushikilia, huweka unyevu, na taratibu hurudi kuwa rutuba.

Unyevu ndio habari ya kila mazungumzo. Katika msimu wa 2021/22 Hispania ilikamua karibu tani milioni 1.5 za mafuta ya zeituni. Msimu uliofuata, baada ya ukame na joto kali wakati wa maua, ilipata chini ya tani 700,000. Mwanzoni mwa 2024 bei shambani ilipita euro 8 kwa kilo, na madukani chupa zikafungwa vidude vya kuzuia wezi kama pombe kali. Kila mtu niliyezungumza naye Baeza alikuwa na la kusema kuhusu miaka ile. Fundi alisema miti ilikunja majani na yeye akaweka msumeno ndani. Mti wenye kiu umekwisha kujipunguzia majani wenyewe. Anayeukata tena anampiga aliyelala chini. Alipogoa pale tu mvua iliporudi na matawi mapya yakaonekana, na hata hapo alianza na yaliyokufa.

Siku nyingine kijana alinipeleka kwenye shamba la namna mpya. Miti ya aina ya *arbequina*, mifupi, imepandwa kwa mistari iliyobanana, zaidi ya 1,500 katika hekta moja, inamwagiliwa kwa matone. Haipogolewi na mtu. Trekta lenye visu vya duara hupita likikata juu na pembeni, kisha wakati wa mavuno mashine ndefu hupanda juu ya mstari mzima na kukung'uta zeituni ndani ya tumbo lake. Hesabu yake ya fedha ni nzuri sana. Mtu mmoja anafanya kazi ya kikosi. Miteremko ya Jaén haifai kwa mashine hizo, na hapo kuna swali zito: zeituni za bondeni zinazalishwa kwa bei ambayo mwenye mashina matatu mlimani hawezi kuifikia. Fundi alipoulizwa maoni yake alisema ule ni ua, si mti. Ninamwelewa, ingawa nadhani wajukuu zake watapanda ua.

Mashine zimebadilisha hata mashamba ya kale. Siku hizi shina hukamatwa na mkono wa chuma na kutikiswa, zeituni zikaanguka kwenye nyavu. Mkono huo unataka shina lililonyooka na matawi yaliyosimama imara, kwa sababu tawi linaloning'inia halipokei mtikisiko. Kwa hiyo mpogoaji wa leo anafikiria pia dereva atakayekuja Novemba, jambo ambalo baba wa fundi hakulijua. Yeye alimfikiria mtu mwenye fimbo ndefu. Fimbo ilikuwa na hasara yake, maana kila pigo lisilo na uangalifu lilivunja matawi machanga ambayo yangezaa mwaka unaofuata.

Niliporudi, watu kadhaa Arusha na Nairobi waliniuliza swali moja: je, twaweza kupanda mizeituni? Miche huuzwa siku hizi, na wauzaji husema mengi. Ninachojua ni hiki. Mzeituni unahitaji majira ya baridi ili macho yake yageuke maua. Ukiupanda Tanga au Mombasa utapata mti mzuri wa majani, wa kivuli cha uani, usiochanua au unaochanua mara chache. Nyanda za juu zenye usiku wa baridi zina nafasi kubwa zaidi, lakini nafasi si ahadi, na mtu asikope fedha benki kwa ajili yake kabla ya kuona miti iliyozaa mahali pafananapo na pake. Aliyekwisha kupanda asiukate mti mchanga kila mara kwa kutaka kuupa umbo. Miaka ya mwanzo mche unahitaji majani yake yote, na mkasi mwingi huuchelewesha kuzaa. Aondoe maotea ya chini, basi.

Tunao wetu pia. Mzeituni mwitu wa misitu ya nyanda kavu za juu ni spishi ile ile ya mzeituni wa Jaén, tofauti kwa nususpishi tu. Wakikuyu wanauita *mũtamaiyũ*, Wamaasai *oloirien*, na Wamaasai hufukiza vibuyu vya maziwa kwa vijinga vyake. Tunda lake ni dogo, nyama yake haba, halikamuliwi mafuta. Huko Pakistan wamekuwa wakipandikiza vikonyo vya mizeituni ya Ulaya juu ya mashina ya mwitu kama huu. Kwetu unaishia zaidi kwenye tanuri la mkaa, ukikatwa chini kabisa na mbuzi wakimaliza kila chipukizi linalojaribu kutoka. Ungezungushiwa boma tu miaka michache baada ya kukatwa, ungesimama tena bila gharama nyingine.

Kwa anayetaka kuiona kazi yenyewe: nenda kati ya mwisho wa Januari na Machi, mavuno yakiisha. Kaa Baeza au Úbeda, si Jaén mjini, na uwe na gari au mwenyeji mwenye gari. Katika eneo la Puente del Obispo, karibu na Baeza, kuna jumba la makumbusho la utamaduni wa mzeituni lenye vinu vya kale na bustani ya aina nyingi za mizeituni. Litakupa asubuhi nzima. Vyama vya ushirika vinauza mafuta moja kwa moja. Nunua yaliyokamuliwa Oktoba au Novemba, katika chupa nyeusi au kopo, na uyatumie ndani ya mwaka. Beba koti zito kwa ajili ya asubuhi, na viatu usivyovionea huruma, maana udongo wa pale ukilowa hunata hadi kwenye visigino.